Kumwona daktari kuhusu lehemu jijini Dodoma: tathmini ya kliniki moja ya moyo

Kliniki ninayoitathmini hapa ni ya binafsi, ipo katikati ya jiji la Dodoma, na inahudumia zaidi watu wenye presha na kisukari, pamoja na wale ambao, kama mimi, walipimwa mahali pengine wakaambiwa kwamba lehemu yao, au kolesteroli kama wengi tunavyoiita, iko juu. Jina lake naliacha makusudi, kwa sababu baadhi ya kasoro nitakazozieleza huenda zimekwisha kurekebishwa wakati unaposoma haya, na kwa sababu zipo kliniki nyingine za aina yake ambazo msomaji anaweza kuzipima kwa vigezo hivi hivi. Hukumu yangu ni fupi: mazungumzo na daktari yanastahili kila shilingi utakayolipa, chumba cha vipimo kinaendeshwa na watu wanaoijua kazi yao, na dirisha la dawa linahitaji msimamizi mwenye kuona haya.

Tangu Serikali ihamishie makao yake Dodoma na ofisi nyingi kujengwa Mtumba, jiji limejaa watu wa rika langu wanaotoka kwenye kiti cha nyumbani kwenda kiti cha gari, kisha kiti cha ofisini, na jioni kiti cha plastiki penye nyama choma. Watu hao hupimwa lehemu kwa bahati tu, aghalabu kwenye banda la afya wakati wa maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni au siku ya upimaji kazini, kwa tone la damu ya kidoleni, wakaondoka na kikaratasi chenye namba moja. Namba hiyo, ambayo ni jumla ya lehemu zote kwa pamoja, ndiyo inayozua hofu, na ndiyo inayowatajirisha wauzaji wa chupa za kitunguu saumu, tangawizi na limao zinazodaiwa kuzibua mishipa. Nilikwenda kliniki nikiwa na kikaratasi cha namna hiyo mfukoni, na nilichotaka kukijua ni kimoja: namba hii inasema nini kuhusu moyo wangu mimi, mwanamume wa miaka 54 asiyevuta sigara na ambaye hajawahi kuumwa kifua?

Kabla ya kumwona daktari unapita kwa muuguzi, na hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu kliniki. Nimewahi kupimwa presha kwingine nikiwa nimesimama, nikiwa bado nahema kwa kupanda ngazi, hata juu ya mkono wa koti. Hapa niliambiwa niegemee kiti, miguu yote miwili ikanyage sakafu, mkono ulale mezani usawa wa moyo, na nikae kimya kwa dakika 5. Muuguzi alijaribu ukanda wa kwanza, akaona ni mdogo kwa mkono wangu, akauvua na kuleta mpana zaidi, jambo linaloonekana dogo lakini lina uzito, kwa kuwa ukanda mdogo huipandisha presha kwenye kipimo wakati mwilini haijapanda. Kipimo cha kwanza kilisoma 148 kwa 92, cha pili 142 kwa 88, na vyote viwili viliandikwa kwenye faili. Nilipomtania kwamba angeandika kile cha chini tu ili nifurahi, alicheka akasema, “Baba, wa kufurahi au kuhuzunika ni daktari, mimi kazi yangu ni kuandika.” Alimalizia kwa kupima uzito, urefu, na kiuno kwa futi kamba.

Kuhusu damu, nilikuwa nimekwenda bila kifungua kinywa kwa mazoea, lakini nilielezwa maabara kwamba kwa kipimo cha kawaida cha lehemu kufunga si lazima tena. Mgonjwa hurudishwa apimwe akiwa hajala pale tu mafuta ya damu yanayoitwa trigliseridi yanapotoka yakiwa juu sana, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoyumbishwa zaidi na chakula. Pale ambapo wagonjwa wa kisukari hukaa kwenye foleni tangu alfajiri wakitetemeka kwa njaa, hiyo ni taarifa ya kubandikwa mlangoni, na haijabandikwa.

Daktari ni mwanamke wa umri wa binti yangu wa kwanza. Alisimama, akaniamkia, “Shikamoo baba,” nikaitikia, kisha akasoma kikaratasi changu cha Nanenane na kukiweka kando bila kukidharau. Maswali yake hayakuanzia kwenye chakula, kama nilivyotarajia, bali kwenye ukoo. Wazazi wangu walifariki kwa ugonjwa gani, wakiwa na umri gani? Je, kuna baba, kaka au mwana aliyepata shambulio la moyo au kiharusi kabla ya miaka 55, au mama, dada au binti aliyeyapata hayo kabla ya miaka 65? Akaisogeza taa akanitazama kope, kisha akaniomba nivue soksi, akapapasa kano za nyuma ya visigino. Nilipouliza visigino vinahusiana vipi na moyo, alieleza kwamba wapo watu wanaorithi lehemu ya juu tangu kuzaliwa kwa sababu ini lao halina uwezo wa kutosha wa kuiondoa kwenye damu, na baadhi yao huota vijivimbe kwenye kano au madoa ya manjano kwenye kope. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa mwembamba, mkulima wa Bahi anayelima kwa jembe la mkono na kula mlenda kila siku, na bado akawa katika hatari kubwa kuliko sisi wenye vitambi.

Aliuliza pia dawa zote ninazotumia, zikiwemo za mitishamba, za vidonda vya tumbo, “na zile ambazo watu huona haya kuzitaja mbele ya mke au mume.” Swali hilo lilinigusa, kwa sababu lina sababu ya kitabibu. Dawa za kushusha lehemu hugongana na dawa nyingine: klarithromisini, inayotumika katika tiba ya bakteria wa vidonda vya tumbo, haipaswi kutumiwa pamoja na simvastatini, mojawapo ya dawa hizo za lehemu, baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hasa zile zenye ritonavira, nazo hazipatani nayo, na anayetumia amlodipini kwa ajili ya presha hatakiwi kuzidisha miligramu 20 za simvastatini kwa siku. Hata balungi, tunda lisilo na hatia, linaweza kuifanya simvastatini ijikusanye mwilini kupita kiasi. Daktari asiyeuliza maswali haya akaandika dawa anabahatisha.

Majibu yangu ya maabara yalikuwa haya: jumla ya lehemu 6.1, LDL 4.0, HDL 1.1 na trigliseridi 2.2, zote kwa milimoli kwa lita. Daktari aligeuza skrini ili tuone pamoja, akaanza na jambo ambalo wengi hatujaambiwa, kwamba sehemu kubwa ya lehemu hutengenezwa na ini lenyewe, na mwili unaihitaji kwa ajili ya kuta za seli na homoni. Tatizo ni LDL, chembe zinazoisafirisha kutoka kwenye ini, ambazo zikizidi na zikidumu miaka mingi hupenya ukuta wa mshipa na kujenga utando humo. HDL hufanya safari ya kurudi, ikibeba ziada kuipeleka kwenye ini. Wengi tunadhani mshipa huziba pole pole kama bomba lenye kutu. Alisema utando huo una tabia zaidi ya jipu: unaweza kuwa mdogo usiozuia damu hata kidogo, siku moja ukapasuka, damu ikagandia papo hapo, na mshipa ukazibika kwa ghafla. Ndiyo maana kipimo changu cha umeme wa moyo, yaani ECG, kilichotoka safi, hakikumfanya afunge faili. Kipimo hicho husema jinsi moyo unavyofanya kazi leo, na hakiwezi kuona utando ambao bado haujaleta shida.

Hapa niingize malalamiko yanayohusu maabara zetu kwa ujumla. Baadhi hutoa majibu kwa milimoli kwa lita na nyingine kwa miligramu kwa desilita, bila kumweleza mgonjwa. Jirani yangu mmoja alinitisha kwa 230 yake, na mimi nikamwonea huruma kwa siku kadhaa, kumbe ukiigawa kwa 38.7 unapata chini kidogo ya 6, yaani pungufu ya yangu. Karatasi ya kliniki hii ina herufi ya “H” nyekundu pembeni ya kila namba iliyozidi na hakuna neno moja la Kiswahili la kuifafanua, kwa hiyo anayeipokea kabla ya kumwona daktari hukaa kwenye benchi na hofu yake.

Kiini cha huduma, na kinachonifanya niipendekeze, kilikuja baada ya namba. Daktari alitoa jedwali la rangi la Shirika la Afya Duniani, lile lililotolewa upya mwaka 2019 kwa kila ukanda wa dunia, ambamo Tanzania imo katika ukanda wa mashariki wa Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Unatafuta jinsia, umri kati ya miaka 40 na 74, kama una kisukari, kama unavuta sigara, ile namba ya juu ya presha, na jumla ya lehemu. Mistari inapokutana unapata uwezekano wa kupata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka 10 ijayo. Kijani ni chini ya asilimia 5, njano ni 5 hadi chini ya 10, chungwa ni 10 hadi chini ya 20, na kutoka hapo unaingia kwenye wekundu. Mimi niliangukia kwenye njano. Akashusha kalamu kwenye safu ya wavuta sigara, kisha akaipeleka kwenye jedwali la wenye kisukari, na kwa lehemu ile ile ya 6.1 namba ilipanda kila mara. Nilielewa, bila mahubiri, kwa nini watu wawili wenye jibu moja la maabara wanaweza kutoka chumbani humo na maagizo tofauti kabisa.

Nilikuwa nimejiandaa kupewa vidonge na, kwa kweli, nilivitaka. Dawa za jamii ya statini, ambazo chimbuko lake ni utafiti wa Mjapani Akira Endo juu ya ukungu katika miaka ya 1970, zina sifa iliyothibitishwa ya kupunguza mashambulio ya moyo na kiharusi, na nilidhani mtu makini hutoka nazo. Daktari hakuzikataa. Alieleza kwamba kuna watu ambao hana majadiliano marefu nao: aliyekwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi cha mshipa kuziba, mgonjwa wa kisukari aliyevuka miaka 40, na yule ambaye LDL yake imefika 4.9 au zaidi. Mimi simo katika makundi hayo, na presha yangu iko mpakani, kwa hiyo tulikubaliana nipime presha nyumbani asubuhi na jioni, nishughulikie chakula na mwendo, kisha lehemu ipimwe tena baada ya miezi 3; ikibaki ilipo tutaanza atorvastatini kwa dozi ya wastani, ambayo kwa kawaida hushusha LDL kwa asilimia 30 hadi 50. Alinieleza madhara mapema: maumivu ya misuli kwa baadhi ya watumiaji, sukari kupanda kidogo kwa aliye karibu na kisukari, haja ya kupima ini kabla ya kuanza, na kwamba mjamzito kwa kawaida hapewi. Alisisitiza jambo lingine, ambalo ningependa wenzangu wa ofisini walisikie: anayeanza statini haimezi kama dawa ya malaria, kwa siku chache na kuacha akipata nafuu, kwa sababu hakuna nafuu ya kuhisi, na LDL hurudi ilipokuwa ndani ya wiki chache baada ya kuacha.

Kwenye chakula, mdomo wa daktari na kipeperushi cha kliniki vilipingana. Kipeperushi, chenye picha nzuri, kinashauri samaki wa salmoni, shayiri ya asubuhi na matunda ambayo mtu wa Dodoma huyaona kwenye televisheni. Daktari alizungumzia soko la Majengo. Ugali wa uwele au mtama badala ya sembe iliyokobolewa, mlenda, kunde, maharage na njugu mawe mara nyingi kadiri iwezekanavyo, kwa sababu nyuzinyuzi zake husaidia kuondoa sehemu ya lehemu kupitia choo. Dagaa na samaki badala ya supu ya makongoro ya kila asubuhi. Mbuzi wa mnadani Msalato asipigwe marufuku, ila mafuta yaliyoning'inia kwenye mbavu yakatwe, na chumvi ya kuchovya ibaki mezani. Kuhusu mafuta ya kupikia alikuwa wazi kuliko nilivyozoea: mafuta ya alizeti, ambayo kwa bahati Singida na Dodoma tunayakamua wenyewe, yana mafuta mazito kidogo sana ukilinganisha na mawese, ambayo karibu nusu yake ni mafuta ya aina hiyo inayopandisha LDL. Akacheka alipoambiwa kwamba nyumbani tunanunua yale yenye maandishi “hayana kolesteroli,” kwa maana hakuna mafuta ya mimea yenye kolesteroli ya kutajika, hata mawese. Maneno hayo ni kweli na hayamsaidii mnunuzi kitu. Kuhusu mwendo, alitaka dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi ya kuhema kidogo, na kwa jua letu alishauri alfajiri.

Sasa dirisha la dawa. Nilipofika kulipia, kijana aliyevaa koti jeupe alitazama faili langu, akaona namba, akaniwekea mbele kopo la vidonge vya mafuta ya samaki na chupa aliyoiita kisafishaji cha mishipa, kwa sauti ya mtu anayetekeleza agizo. Nilimwuliza kama daktari ameviandika, akajibu, “Mzee, hivi ni vya kuongezea, wagonjwa wote wa kolesto huwa wanachukua.” Nilirudi kwa daktari, naye alishusha pumzi ndefu na kusema hakuviandika, kwamba vidonge vya mafuta ya samaki vinavyouzwa kama virutubisho havijathibitika kumkinga mtu wa kawaida na shambulio la moyo, na kwamba kuhusu ile chupa hana la kusema kwa sababu hajui ndani yake mna nini. Mgonjwa ambaye asingerudi kuuliza angeondoka akiamini amepewa tiba, na pengine angeacha ile ya kweli siku atakapoandikiwa. Hiki ndicho ninachokilaumu kwa uzito wote, kwa sababu mfuko mmoja unabomoa kilichojengwa kwa karibu saa nzima chumbani.

Mengine ni madogo. Bei hazijabandikwa popote, na unazijua ukiwa tayari umefika kwa mhasibu. Mlango wa chumba cha daktari haufungi vizuri, kwa hiyo walio kwenye benchi la kwanza walisikia habari za marehemu baba yangu pamoja nami. Ukipewa nafasi ya kuchagua, kaa mbali na benchi hilo uwahurumie wenzako. Bima yangu ilikubaliwa kwa ada ya daktari na baadhi ya vipimo, lakini ulizia mapema kuhusu vipimo vya damu, kwa kuwa maelezo ya mapokezi na ya mhasibu hayakufanana.

Nani aende, na nani asiende? Anayetaka kujua presha yake tu hana haja ya gharama hii. Zahanati ya mtaani inatosha, mradi aombe kuketi kwanza. Aliyekwisha kugundulika na ugonjwa wa moyo ataishia kuhitaji hospitali kubwa, na hapa kwetu hiyo ni Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ambako uchunguzi wa mishipa ya moyo unafanyika bila kulazimika kusafiri hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Na mwenye maumivu ya kifua yanayobana, yanayosambaa hadi mkono wa kushoto au taya, yakiambatana na jasho na kukosa pumzi, asipange foleni kwenye kliniki yoyote. Akimbizwe idara ya dharura ya hospitali. Kliniki hii inamfaa aliye katikati: mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea, mwenye namba asiyoielewa, na mwenye muda wa kuketi na kuuliza. Abebe majibu yake yote ya zamani, pakiti za dawa anazotumia pamoja na zile za mitishamba, na umri wa wazazi walipofariki. Jumamosi pamejaa mno. Katikati ya wiki, kabla ya saa tatu asubuhi, daktari hana haraka.